Nionyeshe Palipo na Doa

Keki ya kwanza ilikutwa na unyevu.

Haikuwa imeanguka wala kuguswa na mtu. Ilikuwa mezani jikoni, imefunikwa kwa wavu wa kuzuia nzi, kama Mama Keki alivyoiacha alipotoka kuanua nguo. Alikuwa ameipaka krimu nyeupe, na pembeni ilibaki michirizi miwili mitatu, kwa sababu kisu chake cha kupakia kilikuwa na pengo; michirizi hiyo alikuwa ameifuta kwenye picha tu. Aliporudi, michirizi haikuwepo. Krimu ilikuwa laini kama ganda la yai. Alipoigusa, kidole kilitoka na uzi mwembamba usio na rangi, ukavutika mpaka usawa wa pua ndipo ukakatika. Akanusa. Ulinuka kama mdomo wa mtu aliyetoka usingizini.

"Joto hili," alijisemea, akaifungasha keki, akampa mteja.

Mama Keki alioka nyumbani kwake, katika jiko la zamani lenye ukuta uliojaa masizi. Mume wake alikuwa dereva wa lori. Kwa mwezi alilala nyumbani siku nne. Nyumba ilikuwa ya watu wawili: yeye na binti yake wa miaka saba, ambaye mtaa mzima ulimwita Punje kwa sababu ya kidoti cheusi alichozaliwa nacho kidevuni, kidogo kama punje ya mtama.

Blogu alifunguliwa na wifi yake, dada wa mume wake, aliyefanya kazi kwenye duka la kuchapisha kadi na mabango. Walikaa mezani siku mbili. Wifi alimfundisha polepole, kama unavyomfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Programu hii inakusahihishia maneno. Hii inakuonyesha wasomaji wamefika wangapi. Hii inatunza nakala ya kila kitu kila siku, hata ukiharibu leo unarudi ulipokuwa jana.

"Na zote bure?" Mama Keki aliuliza.

"Ningekuletea ya kulipia, nani alipe? Kaka yangu? Yule hata salamu anakupa nusu."

"Usimseme mume wangu hayupo."

"Hata akiwepo namsema."

Wakacheka. Programu hizo tatu zilikuwa njema, na hakuna baya lililotoka kwazo. Ya nne Mama Keki aliitafuta mwenyewe. Picha zake zilimkera: kila keki nzuri ilisimama mbele ya ukuta wa masizi na oveni yenye kutu. Aliandika kwamba anatafuta cha kusafishia picha, bure, na katika mengi yaliyokuja alichagua na kupakua programu ya ukurasa mmoja mweupe. Haukuuliza jina wala barua pepe. Ulikuwa na maneno manne tu: Nionyeshe palipo na doa.

Alizungushia masizi kwa kidole kwenye kioo cha simu. Masizi yakaondoka, ila hayakufutika kwa mara moja. Yaliondoka kwa mikupuo, kutoka chini kwenda juu, mkupuo baada ya mkupuo, na kila mkupuo uliacha mng'aro.

Asubuhi yake ukuta wenyewe wa jikoni ulikuwa safi. Mbichi, unateleza, lakini safi. Kesho yake kutu ya oveni haikuwepo. Mama Keki alisimama na kitambaa mkononi, akawaza, kisha akaona heri asiwaze sana, kwa kuwa oda zilikuwa zimeanza kumiminika.

"Keki zako zina kitu," mteja mmoja aliandika chini ya picha. "Ladha yake siwezi kuieleza."

"Mwanangu alilamba sahani mpaka tukamnyang'anya," aliandika mwingine.

Mama Keki alijua. Hilo lazima lisemwe, ingawa si jambo la kumfurahia. Kila keki aliyoipiga picha na kuisafisha, aliikuta baadaye ina ule uzi. Aliukusanya kwa ncha ya kisu, akaufuta kwenye gazeti, akakunja gazeti akaangalia pembeni, na keki akaiuza. Alianza kupika akiwa amejifunga leso puani. Siku moja alikuta kwenye krimu alama pana, yenye nukta ndogo ndogo zilizopangana, kama mtu aliyebandika hapo kipande kibichi cha utumbo wa ng'ombe na kukibandua. Akaisawazisha kwa kisu.

Kisha akataka ukurasa wa kujitambulisha. Alichagua picha aliyopiga na Punje, shavu kwa shavu, wote wanacheka. Punje alikuwa na jamu pembeni mwa mdomo. Mama Keki akazungushia jamu, haraka, maana kulikuwa na keki ndani ya oveni, na duara lake likashuka kidogo kuliko alivyokusudia. Likachukua na kidevu.

Siku ya pili Punje alirudi kutoka shule, akala, akalala mkekani sebuleni kama kawaida yake. Saa tisa alikuja jikoni kidevu kimelowa, nywele za mbele zimegandamana.

"Mama, mbona unanipangusa nikilala?"

"Sijakupangusa mie."

"Kuna kitambaa. Cha moto. Kina vipele vipele."

Mama Keki aliushika uso wa mtoto, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kidoti kilikuwa kimefifia, kimekuwa rangi ya chai. Harufu ikampanda. Alimwosha Punje kwa sabuni mara tatu, mpaka mtoto akalalamika, na harufu haikutoka.

Akaifuta ile programu. Ilifutika bila ubishi. Kesho yake kidoti hakikuwepo kabisa, na ngozi ya kidevu ilikuwa nyekundu, inang'aa, kama kovu la kuungua. Siku iliyofuata nyusi ya kushoto ilikuwa imepungua nusu.

Siku ya tano hakuoka. Aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa sebule, mchana kweupe, pazia wazi, redio ya jirani inasoma taarifa, akamtazama mtoto wake akilala. Kwanza alisikia mlio, mdogo, wa majimaji, kama mbwa anayekunywa kwenye beseni chumba cha pili, isipokuwa chumba cha pili hakikuwa na beseni wala mbwa, na mlio ulikuwa hapa hapa, juu ya mkeka, mbele ya macho yake yasiyoona kitu. Kisha akaona ngozi ya paji la Punje ikisukumwa juu taratibu, ikajikunja, ikaachiliwa, ikasukumwa tena, na kila iliposukumwa ilibaki na njia pana ya mate yenye povu, na ndani ya mate zikaelea nywele fupi za nyusi, moja moja, zikivutwa kwenda juu hewani na kutoweka kama zinazomezwa, huku mtoto akitabasamu usingizini kwa kutekenywa, na Mama Keki akiwa ameng'ang'ania kigoda.

Alimnyakua mtoto, akakimbia naye uani, akatapika kwenye karo la kufulia. Ndipo akampigia simu wifi yake.

Wifi alifika na mtu. Alikuwa mwanamke mzee mwembamba aliyeshika ndoo, mwosha maiti wa mtaa, ambaye wanawake wote waliokufa maeneo yale walipita mikononi mwake. Wifi mwenyewe aliishia mlangoni, ameziba pua kwa mtandio.

"Wifi, humu kumeoza nini?"

"Shikamoo, bibi," Mama Keki alimwambia mwosha kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwanangu." Mwosha alisimama katikati ya sebule, akavuta hewa taratibu. "Huyu namjua. Simjui kwa sura, namjua kwa mate. Nikiosha mtu, huwa anakaa nje ya mlango anasubiri maji nitakayomwaga."

"Ni nini, bibi?"

"Jini, mama. Ni mwenye njaa, basi. Hana ruhusa ya kugusa kitu cha mtu. Lakini mtu akimwonyesha, akamwambia hapa pachafu, ondoa, pale panakuwa chakula chake."

"Mie sikumwonyesha mtoto wangu. Nilionyesha jamu."

"Yeye jamu haijui. Anajua kidole chako kilipopita, na akishaonja hapo hupanda juu."

Mama Keki akaeleza yote, mnong'ono kwa mnong'ono, Punje amemlalia begani. Alipofika kwenye keki alizowauzia watu, wifi yake alikaa chini polepole.

"Na ile ya siku yangu ya kuzaliwa?" wifi aliuliza.

Mama Keki aliinamisha uso kwenye nywele za Punje.

"Nilirudia mara mbili, wifi."

"Rudisha kila doa mahali pake," mwosha alisema, "useme ni lako. Na wote waliokula uwaambie walichokula. Wewe unamfichia siri, ndiyo maana anakaa."

"Nikiandika hivyo nimekwisha, bibi. Nani atanunua tena kwangu?"

Mwosha alikuwa ananawa mikono kwenye beseni. Hakugeuka. "Mtoto wako ana nyusi ngapi?"

Mama Keki alimtazama Punje. "Moja na kidogo."

"Haya."

Akakaa mbele ya kompyuta. Wifi alimwonyesha ile programu ya nakala: siku zote zilikuwemo, zimepangwa, na katika kila siku picha kama ilivyopigwa. Wakaanza kuzirudisha, moja moja. Picha ya kwanza iliporudi na masizi yake, jikoni kulitoka mkoromo, kisha kitu kikaanguka sakafuni, pwaa. Hakuna aliyekwenda kuangalia isipokuwa mwosha, na ndoo yake.

"Masizi," alisema kutoka huko. "Endeleeni."

Picha ya pili, kutu, na mkoromo. Ya tano, ya kumi na mbili, ya thelathini, na kila iliporudi nyumba ilikohoa na kutapika, sasa ukumbini, sasa chini ya meza walipokaa, mabonge ya krimu chachu iliyochanganyika na makombo na ute wa rangi ya kijivu, yakiwa bado na joto la tumbo, yakateleza mpaka kwenye vidole vya miguu ya wifi, naye akawa analia kimya kimya na kubofya, kubofya na kulia, huku mwosha akizoa kwa viganja vyake kama mtu anayezoa unga.

Ikabaki picha ya Punje, na barua kwa wote waliokula. Mama Keki aliandika kwa ufupi. *Keki mlizokula kwangu zililambwa na jini kabla yenu. Nilijua, nikauza. Ukuta wangu una masizi. Mtoto wangu ana kidoti, nacho ni chake, si uchafu.* Akairudisha picha, akaituma barua.

Kitu kilitapika karibu sana, juu ya mapaja yake. Bonge dogo, la moto. Ndani yake zilikuwemo nywele za nyusi. Punje akapiga chafya. Mwosha alikishika kidevu cha mtoto, akakipitishia kidole gumba, akakitazama kidole, akakinusa. Kidevuni kulikuwa na nukta nyeusi, ndogo kuliko zamani, lakini ipo.

"Kavu," alisema.

Mama Keki akalia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akakaa akisubiri matusi ya wasomaji, na alikuwa tayari kuyapokea. Majibu yakaanza kuja. Wifi akayasoma kwa sauti ndogo.

"'Nilijua. Mume wangu alisema ina mate, nikamwambia asituharibie sherehe.'" Akashusha ukurasa. "'Utaoka tena lini zile za mwanzo?' 'Watoto hawataki nyingine.' Huyu naye anasema, 'Dada, mimi nina blogu mpya. Hiyo programu ya kusafisha inapatikana wapi? Uso wa mwanangu una madoa mengi.'"

Yalikuwa arobaini na kitu, na yanaendelea kuingia. Hakuna lililotukana.

Mwosha, ambaye hakujua kusoma, aliinua ndoo yake iliyojaa. "Wanasemaje?"

"Wanaomba, bibi," Mama Keki alisema.

Mwosha alifikiri kidogo. "Basi hapa kwako harudi," alisema. "Ameshapata pengi pa kwenda."

Mama Keki alimkumbatia Punje, akakinusa kidevu chake kikavu, akashusha pumzi kwa raha. Kisha akaisikia raha ile ndani yake, akaelewa imetoka wapi: kwa watoto wa wale walioomba, na ikabidi akimbilie tena karo.