Mkono Uliotoa Chetezo

Kasha lilipochanwa nailoni, sebule nzima ilinuka ubani.

Zeina alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mahamri. Haikuwa harufu ya plastiki mpya, wala ya gundi, wala ya karatasi iliyokaa siku nyingi ndani ya furushi. Ulikuwa ubani wenyewe, kama uliotiwa juu ya kaa la moto muda uleule.

"Baba Safaa, unasikia harufu hiyo?"

"Ni wino wa jalada," Hilal akajibu bila kuinua uso. "Vitu vya ng'ambo vina harufu zao."

Zeina akatua sinia, akanusa viganja vyake. Yeye ndiye aliyelipokea furushi lile asubuhi, kizingitini, kwa mikono yake miwili, kutoka kwa mwenye bodaboda aliyelileta toka Kilifi. Viganja navyo vilinuka. Akavipangusa kwa leso, akamwekea Hilal mahamri sahanini. Mumewe alikuwa na furaha, na furaha ya Hilal haikuwa kitu cha kila siku.

Hilal alikuwa fundi wa simu. Alipokuwa mtoto hapa Takaungu, majirani walikuwa wakikusanyika kwenye nyumba moja iliyokuwa na runinga, kutazama tamthilia ya Kizungu ambayo jina lake halikukaa ulimini mwa mtu. Wao waliiita Meza Ndefu, kwa sababu kila sehemu ilimalizikia mezani: familia nzima inakula, na kiti kimoja kiko kitupu, cha kijana wao aliyekwenda vitani. Bi Aaliya, mamake Hilal, alikuwa akikitazama kiti kile na kumnong'oneza mwanawe, "Atarudi, utaona." Tamthilia ikamalizika kijana hajarudi. Babake Hilal, aliyekuwa baharia wa meli za mbali, naye hakurudi.

Basi Hilal aliposikia kwamba filamu zile za zamani zimesafishwa upya na kutiwa kwenye diski za picha ang'avu, ang'avu hata unahesabu nyuzi za kitambaa cha meza, alianza kuziagiza. Kila mwaka wa tamthilia ulikuwa na kasha lake. Aliyapanga kwa utaratibu, akayafuta vumbi, akawakataza watu kuyashika. Lililomshinda lilikuwa kasha la mwisho. Yalikuwa yametengenezwa machache, na aliyekuwa nalo hakutaka kuliachia.

Sasa lilikuwa mapajani mwake.

"Na huyu aliyekuwa halitoi, kalitoaje?" Zeina akauliza.

"Tumeelewana," Hilal akasema, akaanza kula.

Zeina alikuja kujua maana ya kuelewana kule siku ya Alhamisi.

Nyumba yao ilikuwa ya Bi Aaliya, nyumba ya mawe ya kale, na ukuta wa ndani ulikuwa na zidaka, vile vishubaka vya chokaa ambavyo wazee waliwekea sahani na vikombe vyao vya thamani. Kidaka cha juu pembeni kilikuwa na mdomo mwembamba usiopitisha mkono wa mtu mzima, na ndani yake kilikaa chetezo kidogo cha udongo, cheusi kwa moshi wa miaka. Zeina alipoletwa bibi harusi, mkwewe alimshika bega akamwonyesha.

"Humo mna mwenyewe, mwanangu. Sisi twamwita Bibi wa Kidakani. Kila Alhamisi, jua likielekea kuzama, mtilie kaa na ubani. Usimwombe kitu, na usimnyime chake. Na chetezo hakitoki humo mpaka aombwe rukhsa."

Bi Aaliya alifariki, na Zeina hakuacha. Kila Alhamisi alipanda juu ya kigoda na koleo lake, akatia kaa, akatia ubani, akashuka kinyumenyume.

Alhamisi hii alipanda na kaa lake jekundu, akakuta mbele ya mdomo wa kidaka yamepangwa makasha ya diski, yamesimama wima kama meno.

"Hilal!"

Hakuwa amemwita kwa jina tangu mtoto wao azaliwe. Hilal akaja mbio.

"Chetezo kiko wapi?"

"Teremka kwanza, utaungua."

"Nakuuliza, chetezo kiko wapi?"

Hilal akakuna shingo. "Yule mzee mwenye kasha, yeye naye ni mkusanyaji. Hukusanya vyetezo vya kale. Nilimwonyesha kwenye simu, akakipenda, akatanguliza kutuma kasha; lilipokaribia kufika nami nikamtumia chetezo. Kitu kwa kitu, Mama Safaa. Sikumuibia mtu."

"Uliomba rukhsa?"

"Kwa nani? Kwa ukuta?"

Kaa likamponyoka Zeina, likaanguka sakafuni, likazimika palepale, kana kwamba limemwagiwa maji. Wote wawili wakalitazama.

Zeina akasema polepole, "Mkono wako hauingii humo. Wala wangu. Ulikitoaje?"

Aliyejibu ni Safaa, binti yao wa miaka sita, aliyekuwa akiruka kamba uani. Alikuja akauinua mkono wake wa kulia juu, kwa majivuno.

"Ni mimi niliyekitoa, Mama! Baba alinibeba juu, nikatia mkono, nikakivuta. Kilikuwa na joto."

"Joto?" Zeina akanong'ona. Kaa la mwisho alilitia Alhamisi ya nyuma, nalo lilikuwa limezimika siku kadhaa wakati huo.

"Joto kama mkono wa mtu."

Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, Hilal aliweka diski ya kwanza ya kasha jipya ndani ya deki, akawaita wakae naye. Zeina alikaa kwa sababu hakutaka mtoto abaki peke yake na runinga ile. Picha ilikuwa nzuri, hilo hakuweza kulikana. Mvuke ulionekana ukipanda kwenye bakuli la supu. Kisha familia ikaketi mezani, na kile kiti kilichokuwa kitupu miaka yote hakikuwa kitupu.

Alikaa mwanamke, kageuza mgongo. Alikuwa amevaa nguo nyeusi toka utosini.

"Subhanallah!" Hilal akasogea mbele. "Hii hatukuonyeshwa zamani. Lazima ilikatwa, wakairudisha."

"Wazungu gani hao wa kuvaa buibui la kamba, kama la bibi zetu?" Zeina akasema.

Hilal akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Safaa alikuwa akimtazama mwanamke yule bila kupepesa, na Zeina alipoushika mkono wake wa kulia aliukuta baridi kama samaki wa kwenye barafu.

"Mama, mbona Bibi hapewi chakula?"

Tangu siku ile mtoto alianza kula kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuacha ukining'inia, nao ulinuka moshi hata ukioshwa kwa sabuni na ndimu. Hilal alibadilisha diski, akaweka ya pili, akarudi ya kwanza, akatoa makasha ya zamani aliyokwisha kuyatazama mara nyingi. Na katika kila sehemu, kila mezani, mwanamke yule alikuwepo, na kila alipotazamwa alikuwa amegeuka kidogo zaidi, mpaka likaonekana sikio, na pete ya sikio, na ncha ya shavu.

"Zima," Zeina akamwambia.

"Nataka nijue anamtazama nani."

"Zima, Hilal, nakusihi."

Hakuzima. Na hapo ndipo Zeina alipokiona kitu ambacho mumewe hakukiona. Juu ya kitambaa cha meza, mbele ya mwanamke yule, palikuwa na mkono mdogo wa mtoto, mkono tu, uliotokea pale mtu asipokuwepo, na mkono ule ulikuwa na hina. Zeina alikuwa fundi wa kupaka hina, mabibi harusi wa Takaungu na Kilifi wote walipita mikononi mwake, na ua lile alilijua kuliko jina lake: ua lenye petali moja iliyopotoka, kwa sababu siku ya kulichora, mkesha wa Idi, Safaa alitekenywa na ncha ya koni ya karatasi yenye hina, akacheka, akavuta mkono. Akageuka kwa mwanawe aliyelala juu ya mkeka, akaushika mkono wake wa kulia, akaufunua kiganja. Hina haikuwepo. Mkono ulikuwa mweupe kama chokaa, wala haukuwa na mpigo, na mtoto alipoitwa hakuamka.

Bi Kabibi aliletwa asubuhi kutoka Kaloleni. Alikuwa mganga wa pepo, mama mnene mwenye shanga na miwani, na alipoingia aliizungukia sebule akinusa kama mtu anayetafuta panya aliyekufa.

"Koma za kwetu, mizimu ya wazee, ukizimwagia tembo la mnazi kidogo, zinatulia," akasema. "Haya majini yenu ya nyumba za mawe yana madaha. Nani kamhamisha huyu?"

"Mimi," Hilal akasema.

"Nawe ni mzima. Kwa hiyo si mkono wako uliomtoa."

Zeina akalia. Bi Kabibi hakumwambia nyamaza. Alifunga madirisha, akamfunika mtoto shuka nyeupe, akafukiza, akaanza kuimba kwa sauti ya chini huku akipiga kayamba, na aliimba mpaka jasho likamlowesha shingo, na jua likapanda, na moshi ukajaa chumba; kisha runinga, ambayo Hilal mwenyewe alikuwa ameichomoa waya, ikawaka mezani kwake, na mtoto aliyelala akafumbua kinywa.

Haikuwa sauti ya Safaa. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, tulivu, inayojua Kiswahili cha zamani.

"Nalikaa ukutani tangu chokaa ikiwa mbichi. Sikumuudhi mtu. Nimetolewa kama taka."

"Bibi, twakuomba radhi," Bi Kabibi akasema. "Chombo chako kitarudishwa."

"Mwulizeni huyo kiko wapi."

Hilal akainamisha kichwa, akaungama. Kumbe alikuwa ameshampigia yule mzee wa ng'ambo siku mbili nyuma, kwa siri, na mkewe mzee ndiye aliyepokea. Alimwambia kwamba chetezo kilipofunguliwa kilipasuka vipande mikononi mwa mumewe. Tangu siku hiyo mumewe hazungumzi, anakaa tu mbele ya runinga.

"Ulijua!" Zeina akamwambia. "Ulijua, na ukaendelea kutazama!"

"Nilidhani..." Hilal akashindwa. "Mama alisema atarudi. Nilitaka nione kiti kile kina mtu. Basi."

Kinywa cha Safaa kikacheka bila macho yake kufumbuka.

"Kiti kizuri. Nimekipenda, ndicho makao yangu sasa. Lakini sina wa kunifukizia. Huyu mdogo ana mkono mwepesi. Nimeshauchukua mkono, na mwili utaufuata magharibi ikiingia."

"Chukua diski zote," Hilal akapiga magoti. "Nitazichoma zote!"

"Nyumba yangu ya kwanza umeitoa. Ya pili waitaka kuichoma?"

Bi Kabibi akaweka kayamba chini. "Mwanangu, huyu hatoki kwa ngoma. Huyu anataka mkono kwa mkono."

Hilal alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Alipoinuka hakumtazama Zeina, labda aliogopa kwamba akimtazama atashindwa. Alipanda juu ya kigoda, akayatupa makasha chini moja baada ya jingine, hata lile la mwisho, kisha akautia mkono wake wa kulia kwenye mdomo ule mwembamba wa kidaka. Chokaa ikapasuka, ngozi ikachunika, akasukuma, mkono ukaingia hadi kifundo, hadi kiwiko, hadi begani, na Zeina, aliyejua kwamba nyuma ya ukuta ule kuna uchochoro wa kupita watu na kwamba ukuta wenyewe si mnene kuliko urefu wa dhiraa moja, aliona mkono wa mumewe ukizama mahali pasipokuwepo, akasikia ndani kule vijiko vikigonga sahani, na watu wengi wakivuta viti kumpisha mgeni.

"Shikamoo, Bibi," Hilal akasema ukutani, kwa sauti ndogo ya mtoto aliyetumwa.

Runinga ikazimika.

Safaa akapiga chafya. Mkono wake ulikuwa na joto, na hina yake, na petali yake iliyopotoka. Zeina alimkumbatia akalia hadi akaishiwa pumzi, na alipogeuka kumwita mumewe, juu ya kigoda palikuwa na ndara zake mbili tu, zimepangwa vizuri, zimeelekea ukutani.

Sasa miezi imepita. Zeina hakuzichoma diski. Nani angethubutu? Kila Alhamisi, jua likielekea kuzama, humpeleka mtoto kwa jirani, huweka ile diski ya mwisho ndani ya deki, na hungoja picha ifike mezani. Bibi amekaa kitini na uso wake sasa umegeuka wote, na Zeina hajawahi kuuinulia macho. Humtazama yule aliyesimama nyuma ya kiti: mwanamume mwembamba, mkono wa kulia umechunika na kujaa vumbi la chokaa, ameshika chetezo cha moto bila kitambaa. Picha ni ang'avu mno. Malengelenge yote yanaonekana.

"Baba atarudi?" Safaa huuliza usiku.

"Lala, mwanangu," Zeina humjibu. Neno lile lingine hawezi kulitamka.

Jumatano iliyopita alikuwa akimchora hina bibi harusi mmoja, na shughuli ilikuwa imenoga, shangazi za bibi harusi wanamtania kuhusu mume, Zeina naye anacheka chini chini kwa mara ya kwanza tangu mambo yale. Ghafla ua likampotoka. Akalifuta, akarudia, likapotoka tena. Bibi harusi akavuta mkono wake.

"Bi Zeina, mbona vidole vyako vina baridi hivyo?"

Zeina akavitazama viganja vyake viwili, vile vilivyolipokea furushi kizingitini na kumwingiza Bibi ndani, vina baridi ileile ya mkono wa Safaa. Akavipeleka puani taratibu, ingawa hakuwa na haja ya kunusa. Wanawake wote chumbani walikwisha kuanza kugeuza vichwa, wakiulizana ni nani aliyefukiza ubani.