Mama Aligoma Kupanda Kivuko Changu Mbele ya Abiria Wote

"Leo sipandi."

Maneno mawili tu. Aliyeyasema ni mama yangu mzazi, pale gatini, abiria wakiwa wamejaa na mimi nimeshashika usukani.

Nilidhani ananitania... maana kwetu utani ni ugonjwa wa ukoo.

"Mama, panda bwana, watu wana kazi zao."

"Nimesema sipandi, mwanangu."

Najua mtasema, si angebaki tu, shida iko wapi? Subirini kidogo.

Kivuko chetu si cha serikali wala cha tajiri. Ni cha wakazi wa ng'ambo zote mbili za mto. Wanakichangia, wanakipaka rangi, wanaziba matobo. Na wana sharti moja: safari ya kwanza ya siku lazima apande ndugu wa damu wa nahodha. Chombo kikiwa kibovu, hutampakia mamako.

Sasa mamako mwenyewe kagoma...

Muuza mitumba akashuka na furushi lake. Muuguzi akafuata. Wakashuka wote, kimya kimya, kama watu wanaotoka msibani.

"Kuna tobo?" mmoja akauliza.

"Hakuna," akajibu fundi wa injini, ambaye alishaingia chini na tochi. "Chombo kizima kabisa. Muulizeni bibi."

Mama akakaza kanga yake, hakusogea.

Na jioni hiyohiyo, jamani, kulikuwa na kikao cha kuamua kivuko kiendelee au kiuzwe kama chuma chakavu. Watu walishaanza kuchoka kuchangia. Yaani mama yangu alikuwa ananizika hai huku nikimwangalia.

Nikamvuta hadi kibanda cha tiketi, nikafunga mlango.

"Nani kakutuma, mama? Wakikiuza leo nitakula nini, nitakulisha nini?"

Nilifoka hadi sauti ikakauka. Yeye amesimama tu, karibu na bega langu.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Nimeinua mkono gani?"

"Mkono gani tena? Tunaongelea kivuko hapa."

"Tangu umeanza kufoka nimeinua mkono, kando ya shavu lako la kushoto. Geuka."

Nikageuka. Kiganja kilikuwa pale pale, nusura nikigonge kwa pua.

Nikavuta kiti cha tiketi, nikakaa.

"Jana ulitaka kumpitia mpiga kasia na mtumbwi wake," akasema taratibu. "Akaruka majini kujiokoa. Abiria wakacheka, wakasema nahodha wetu kwa utani hajambo."

Nilikumbuka. Hata mimi nilicheka. Nilidhani kachomoza ghafla...

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia jikoni ukapime macho. Ukasema jicho likigoma utaazima langu."

"Basi ungesema pale gatini, wasidhani chombo kibovu."

"Nitangaze mbele ya watu kwamba mwanangu haoni? Hilo ni lako kulisema."

Mchana muuguzi yule alinipeleka kupimwa. Jicho la kushoto, kwaheri.

Jioni nikasimama kikaoni nikasema mwenyewe, bila kichekesho hata kimoja. Nikajua ndiyo basi, chuma chakavu.

Muuza mitumba akanyanyuka.

"Mimi nilikuja kupiga kura kiuzwe. Nilijua lile sharti limebaki pambo, bibi anapanda kwa mazoea. Kumbe anatulinda hata dhidi ya mwanawe. Mimi naendelea kuchanga."

Wengi wakawa upande wake. Kivuko kikabaki.

Usukani wakampa msaidizi wangu, na dada yake ndiye anayepanda safari ya kwanza. Mimi nafunga kamba gatini. Iliniuma, sitawadanganya. Nililia siku nzima kwa jicho moja, nikabana matumizi.

Wapendwa, tanieni, chekeni. Ila akija anayekupenda na neno zito, weka mzaha pembeni kwanza. Ukizoesha watu kwamba kila kitu chako ni utani, siku unazama watakupigia makofi.