Maini ya Kila Siku

Fundi viatu alikuwa na hasira za karibu. Gundi ikikataa kushika, alinuna mpaka jioni. Mkewe alishamzoea. Kiumbe mmoja tu ndiye aliyeweza kumlainisha: paka wake jike, Nyuzi.

Kabla Nyuzi hajaja, panya walitafuna viatu vya wateja humo kibandani, na fundi akatukanwa kwa makosa ya panya. Nyuzi aliwamaliza wote. Kwa hiyo fundi aliamua kumlisha kama malkia. Kila asubuhi alipita buchani, akanunua maini, akamkatia vipande vidogo vidogo. Wali na samaki aliokuwa akibakiziwa na mke wa fundi ulipigwa marufuku. Mke alitania kwamba ameletewa mke mwenza mwenye mkia.

Kisha muuzaji wa duka la vyakula vya wanyama akamwonyesha chupa ya mafuta ya maini ya samaki. Alisema ni vitamini tupu, manyoya yatang'aa. Fundi hakuuliza la zaidi. Alimpa Nyuzi kijiko kizima kila siku, juu ya maini yale yale. Ulipita mwaka, ukapita na nusu nyingine.

Nyuzi akaanza kubadilika. Aliacha kurukia rafu. Aliacha kujilamba, manyoya yakashikana kama sufi iliyolowa. Akitaka kutazama nyuma, aligeuza mwili mzima, kama mtu mwenye jipu shingoni. Siku moja fundi alimshika shingo kwa mapenzi tu. Nyuzi akamng'ata mpaka damu ikatoka.

Fundi alijifunga kitambaa kidoleni. Moyoni alikwisha kata shauri: paka huyu amepigwa. Na aliyempiga alimjua. Ni dobi wa mlango wa pili, ambaye mwezi uliopita alilalamika kwamba Nyuzi amelala juu ya shuka alizozipiga pasi.

Akaingia kwa dobi bila hodi. Dobi alisema hajamgusa paka wa mtu. Fundi hakutaka kusikia. Mbele ya wateja alimwita mwongo, akasema mtu anayepiga kiumbe kidogo hafai kuachiwa hata nguo za watu. Mwanamke mmoja alichukua furushi lake kimya kimya, akaondoka. Dobi aliliona furushi likitoka mlangoni. Tangu siku hiyo salamu baina ya milango miwili zilikatika.

Nyuzi alizidi kuumwa. Fundi akatoa kidonge cha maumivu anachomeza mgongo unapomsumbua, akakivunja nusu ampe. Mkewe alimnyang'anya.

"Twende kwa daktari kwanza," alisema. "Ukimuua wewe, utamsingizia nani?"

Maneno hayo yalimchoma, lakini alikwenda.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke mpole wa mikono, asiye na haraka. Alipompapasa Nyuzi shingoni, paka alinguruma. Fundi akamtaka daktari aandike kwenye karatasi kwamba paka amepigwa, ili ampeleke mtu polisi. Daktari alisema ataangalia kwanza. Alimpiga Nyuzi picha ya mifupa, akaitazama kwa muda, kisha akauliza anakula nini.

Fundi alieleza kwa majivuno. Akaitoa na ile chupa mfukoni.

Daktari akaweka kalamu chini. "Hakuna aliyempiga," alisema. "Maini na mafuta haya yamejaa vitamini A. Kidogo inamfaa paka. Ikizidi, mwili wake hauwezi kuitoa. Inajilimbikiza miezi na miezi, mpaka mifupa ya shingo inaota uvimbe na kugandana. Ndiyo maana anauma ukimshika."

"Unaniambia mimi ndiye niliyemvunja?" fundi akauliza kwa ukali.

"Nakuambia ulimlisha bila kuuliza. Mwenye haki ya kukasirika hapa ni huyu paka."

Fundi alikaa. Mkewe ndiye aliyeuliza sasa wampe nini. Daktari alieleza taratibu. Maini na mafuta yakome leo. Paka ni mla nyama, lakini nyama ya aina moja peke yake haimtoshi. Apewe chakula kamili cha paka, chenye maandishi ya kuonyesha kimewekwa nini na kipimo chake kwa siku. Asilishwe chakula cha mbwa, kwa sababu hakina kirutubisho kiitwacho taurini cha kumtosha, na paka akikikosa macho na moyo huharibika. Mnyama mzima anayekula chakula kamili kwa kawaida hahitaji vitamini za chupa. Akizihitaji, daktari ndiye wa kupima. Na kile kidonge cha mgongo kingeweza kumuua. Atapewa dawa ya maumivu inayomfaa paka.

Kutoka hapo fundi alikwenda moja kwa moja dukani. Aliigeuza chupa mbele ya muuzaji. Ilikuwa na picha ya paka anayeng'aa, bila kipimo chochote. Akauliza paka hupewa kiasi gani.

"Kadiri unavyompenda," muuzaji akasema, akitabasamu.

Fundi alihisi damu ikimpanda kichwani. Alimwambia muuzaji, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba anauza ulemavu ndani ya chupa. Wanunuzi wawili walirudisha vitu rafuni. Hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye kopo la unga wa mifupa, dawa ya kukuza watoto wa mbwa, nalo halina kipimo. Alilijua kopo hilo. Dobi alikuwa akimchanganyia chakulani mbwa wake mchanga, Povu.

Alisimama mlangoni kwa dobi, akapiga hodi. Wateja walikuwapo. Akasema mbele yao kwamba alimsingizia dobi, kwamba paka aliumizwa na mkono wake mwenyewe, na kwamba anaomba radhi.

Dobi aliendelea kupiga pasi. "Yule mama hajarudi mpaka leo," alisema.

"Nitakwenda kwake. Lakini kwanza acha ule unga wa Povu. Tumetapeliwa na duka moja."

Pasi ikasimama. Miguu ya mbele ya Povu ilikuwa imeanza kupinda, na dobi alidhani ni udogo. Alimpeleka kwa daktari yule yule, naye akamweleza kwamba kalsiamu ya unga ule ikizidi huharibu mifupa inayokua. Povu akahamishiwa chakula kamili cha watoto wa mbwa wa aina kubwa, bila unga wowote. Akazidi kukua, na miguu ikaanza kunyooka.

Fundi alikwenda kwa yule mama, akasema kosa lake. Mama alirudisha furushi kwa dobi. Fundi na dobi waliandika malalamiko dhidi ya duka kwa ofisi ya mifugo, na daktari akaweka sahihi. Chupa na makopo yasiyo na kipimo yakaondolewa rafuni.

Shingo ya Nyuzi haitageuka tena kama zamani. Daktari hakuwaficha. Lakini baada ya miezi mitatu, asubuhi moja, fundi alimwona amekaa kwenye jua, akijikunja kwa shida, akilamba bega lake. Fundi aliweka kiatu chini. Alitamani kumshika. Hakumshika. Alikaa tu akimtazama, mpaka paka alipomaliza.