Aliyeita Bila Kugeuka

Kila asubuhi ya safari yetu ilianza vilevile: kukunja mahema, kunywa chai na mkate, kisha kubonyeza matairi kwa kidole gumba kuona kama yana upepo wa kutosha. Pikapu ya mizigo ilitangulia kwenye kambi ya mbele, nasi wa klabu ya baiskeli ya shule tukajipanga mstari mmoja nyuma ya Kocha, mwalimu wetu wa michezo. Mbele yetu kulikuwa na lami, mchanga na jua, basi. Mti hata wa dawa hukuuona.

Huko jangwani tulikuwa na utaratibu wetu. Wa mwisho kwenye mstari aliitwa mkia. Mkia alibeba pampu, viraka na gundi, ili mwenye pancha asimame tu amngoje. Kwa kuwa vifaa vilikuwa vizito, kidumu chake cha maji kilibebwa na aliye mbele yake. Huyo ndiye pia aliyetakiwa kugeuka kila baada ya muda, amwone mkia kwa macho yake, kisha aite, "Mkia upo!" Mwito ulipokewa na kupitishwa mpaka kwa Kocha.

Siku hiyo mkia nilikuwa mimi. Mbele yangu, na maji yangu kwenye keria yake, alikuwa mtoto wa mama mdogo, tunayemwita Spidi. Mimi wananiita Pilipili, na sababu mtaijua sasa hivi.

Jua lilikuwa linakaribia utosini nilipokanyaga jiwe lenye ncha. Pssss! Tairi la nyuma likalala.

"Spidi, simama! Nimepata pancha!"

Upepo ulikuwa unatupiga usoni, ukaichukua sauti yangu ukaipeleka nyuma. Sikuwa na wasiwasi, maana nilijua atageuka. Hakugeuka. Alikuwa ameinamia usukani, anakanyaga kama anayekimbizwa na mbwa. Halafu upepo uleule ukaniletea sauti yake.

"Mkia upo!"

Jamani! Upo wapi? Mkia umesimama barabarani, koo kavu, na maji yake yanaondoka! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwama. Wakapanda mwinuko, mmoja mmoja, wakapotelea upande wa pili.

Nilitaka kulia, lakini hasira haikuniachia nafasi. Nikaipindua baiskeli magurudumu juu, nikatoa tyubu huku chuma kikiniunguza vidole, nikasugua, nikapaka gundi, nikabandika kiraka. Kila nilipopampu nilimporomoshea Spidi maneno ambayo mama angeyasikia, ningelala njaa. Nilipopanda tena, ulimi ulikuwa umenata mdomoni na kichwa kinagonga. Nikaendesha kidogo, kizunguzungu kikanishika. Nikashuka, nikaanza kusukuma. Hapo ndipo woga uliponiingia. Bila maji nisingefika popote.

Mara Kocha akatokea juu ya mwinuko, anakuja mbio na kidumu changu kwenye keria. Nyuma yake alikuwa Spidi.

"Kaa chini. Funda moja moja, usigugumie," Kocha alisema, akanifunika kichwa kwa kitambaa kilicholowa.

Nilipopata sauti tu, nilimgeukia Spidi. "Wewe! Uliniona wapi hata ukaita nipo?"

"Ukigeuka unapoteza mwendo," alijibu akiangalia viatu vyake. "Nilijua tu upo. Kila siku upo."

"Na kule mbele darajani, tulipopumzika kivulini nikakuuliza mwenzako yuko wapi?" Kocha aliuliza. "Mwambie ulichoniambia."

Spidi alijifanya anakaza breki yake.

"Mwambie!"

"Nilisema nimekuona sasa hivi, unakuja."

"Mara ya pili hiyo!" nilifoka. "Ningekufa hapa, mjinga wewe!"

"Pilipili, unamaliza mate," Kocha alisema. Hakuniambia niache kukasirika, na nilimshukuru kwa hilo. "Nilikaribia kumwamini. Kisha nikaona kidumu chako kwenye keria yake, hakijapungua tangu mapumziko ya kwanza. Nikamuuliza, mwenzako amekunywa nini tangu hapo? Akaanza kubabaika."

Akamgeukia Spidi, na mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. "Sikiliza. Mimi niko mbele, sina macho kisogoni. Ninaona kwa sauti zenu. Ulipoita bila kugeuka, wenzako wote waliupitisha uongo wako kwa midomo yao bila kujua, na mimi nikaendelea kuongoza watoto wa watu kama kipofu. Usiseme umeona kitu ambacho hukukiona. Ungesema tu, 'Sijamwona.' Tungesimama, tungechelewa, yakaisha."

"Nisamehe, Pilipili," Spidi alinong'ona. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Nikakigeukia kidumu changu, nikanywa funda jingine.

Tulisukuma baiskeli taratibu hadi darajani, tukakaa chini yake na wenzetu mpaka jua likapoa na kichwa changu kikatulia. Ndipo Kocha akapanga mstari upya. Mkia akawa Spidi. Mbele yake akaniweka mimi.

Spidi alinikabidhi kidumu chake cha maji kwa mikono miwili. Nikakifunga kwenye keria yangu, nikaikaza kamba kwa nguvu zangu zote.

"Utakuwa unageuka?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Nitageuka," nilimwambia. "Kuongea na wewe, bado."