Sira Ndani ya Kalibu

Sokoni Kolwezi, siku watu walipokuwa wakiuza vitanda na milango yao kwa bei ya chumvi, kulikuwa na kijana mmoja anayenunua. Alivaa koti la kazi la buluu lenye madoa. Akasimama mbele ya meza ya Fidélie, akashika kopo la sira, ile nta ya kung'arishia sakafu.

"Tata, nyumba yako iko na sakafu kweli?" Fidélie aliuliza, mkono kiunoni, kitenge chake cha tausi kimekaza panapostahili kukaza.

"Ni ya kazi ya gari, mama."

"Gari ing'ae, na mwenyewe uko vumbi hivi?"

"Mi nangojea wewe unipanguse."

Meza za jirani zikacheka. Hapo moyo wa Fidélie ukateleza, na kopo halikuwa hata limefunguliwa.

Jina la kijana Mukuna. Alizaliwa hapo hapo Kolwezi, lakini baba yake alitoka Kasai, na mwaka ule hilo lilitosha. Vijana walipita mitaani wakiimba kwamba Wakasai ni bilulu, wadudu, warudi kwao. Waliofukuzwa walilala stesheni wakingojea treni iwapeleke nchi ambayo wengi hawajaiona hata kwa ndoto. Mama yake, mama Tshiela, alikuwa stesheni tayari, kifua kikimbana.

Mukuna alibaki mjini juu ya neno moja. Peugeot ya tata Omer, baba yake Fidélie, ilikuwa imeliwa na kutu gardebu ya kushoto, lile bawa juu ya gurudumu.

"Nitengenezee mupya," mzee alisema. "Ndiyo mahari. Mbuzi sitaki, mbuzi wote bameiba. Lakini mutoto wangu hapandi ile treni. Utarudi kumuchukua."

Uani, Mukuna alijaza udongo kwenye matundu ya bawa la zamani, akalimwagia plasta. Plasta ilipokauka ikawa kalibu. Ndani yake akapaka sira, tabaka juu ya tabaka. Kisha zingelazwa nyuzi za kioo na rezini, gundi kali inayoganda kama jiwe.

"Sira ya nini, chéri?"

"Bila sira, kipande kinashika kalibu. Hakitoki mpaka uvunje."

"Ah bon."

Mwanamke anayependa haambiwi kitu kama hicho.

Mukuna alipomkumbatia, nyuzi za kioo zilizonasa kwenye koti alipozikata zilimwasha Fidélie kama upupu. Tata Omer akamtazama akijikuna, akauliza kama nyumba imeingia viroboto.

Asubuhi moja Mukuna alimpelekea mama yake stesheni bukari, ule ugali wa huko. Fidélie akachukua kitambaa chenye petroli ya taa, akaisugua kalibu mpaka sira yote ikatoka.

Mukuna akarudi mbio. "Treni imetoka Tenke, inakuja! Leo nalaza, kesho natoa!" Kwa haraka hakutazama ndani. Akalaza nyuzi, akapaka rezini.

Kesho yake kipande hakikutoka. Aligonga kabari za mti, akamwaga maji. Filimbi ikalia stesheni. Treni hizi hungoja hadi jioni, akasema, akaendelea. Ile haikungoja; iliondoka na mama yake. Alipovunja kalibu kwa nyundo na bawa kutoka, limepasuka, moshi ulikuwa umekwisha kupotea. Akaokota kipande cha plasta, akanusa petroli.

"Nani alipangusa?"

"Mi."

"Juu ya nini, Fidélie?"

"Juu ungeenda."

"Mama iko peke yake mule."

Akalifunga bawa kwenye gari, skrubu kwa skrubu, maana neno ni neno. Akaondoka bila kuaga.

Kila siku Fidélie alimpelekea chakula stesheni, alikokuwa akingojea treni nyingine. Mukuna aliwapa wengine. Halafu mfanyakazi wa reli akaleta mkeka uliokunjwa na habari: kifua cha mama Tshiela kilifunga kabla treni haijafika Kamina. Walimzika kando ya reli, kwenye kitenge cha mtu asiyemjua.

Treni nyingine ilipofika, Peugeot ilisimama mbele ya stesheni, ufa wa gardebu umeachama kama mdomo. Fidélie akashuka na kitenge cha tausi, akajitwika furushi.

"Mahari nimepokea," tata Omer alisema. "Imepasuka, lakini nimepokea. Amelia mpaka nimechoka."

"Tata, huko Kasai watamuita kilulu," Mukuna alisema.

"Hapa bamekwisha kumuita, juu yako."

Ndani ya behewa, Fidélie aliona mkeka mdogo uliokunjwa. Hakuuliza ni wa nani. Akakaa sakafuni, mbali kidogo.

Treni ilipopita Tenke, Mukuna akamgeukia.

"Kaa hapa. Chuma iko moto." Akaukunjua mkeka wa mama yake.

Fidélie akasogea. Bega likagusa koti la buluu. Punde akaanza kujikuna.

"Bado unawasha," alisema kwa sauti ndogo.

Mukuna hakucheka. Lakini bega hakuliondoa.