Jino Lililokata Uzi

Mkasi ulimning'inia shingoni kama cheni, na bado fundi cherehani alikata nyuzi kwa meno. Ndiyo maana jino lake la mbele lilipasuka, asimsingizie mtu. Daktari wa meno akaling'oa, na palepale, damu haijakauka, akakaza skrubu ndani ya taya, baadaye akaivika jino jipya. Mume wa fundi akanung'unika kwamba alitegemea walau siku chache za pengo na kimya.

Jino lilishika. Miaka ikapita, meno jirani yakaanza kucheza, lenyewe imara kama nguzo. Daktari kila akilipima alijisifu: mfupa umelikumbatia.

Mchana mmoja fundi akainamia upindo wa gauni, akakuta uzi umeshakatika kabla hajafungua kinywa. Akacheka peke yake. Kesho yake akasikia kitu kinatafuna taratibu, akadhani panya wameingia kwenye vitambaa. Akagusa mdomo. Taya limetulia, ila jino linatetema. Akatema mate, yananuka chuma kilicholowa. Wateja nao wakaanza kurudisha nguo, kola zina alama za kuumwa, na mmoja akamnong'oneza kwamba gauni lake likivaliwa linapumua.

Hakujiogopea mwenyewe. Binti yake alikuwa na mtoto mchanga, na kila kinguo cha mtoto yule kilitoka kwenye cherehani yake, na kila uzi aliukata kwa jino lile lile na kulilainisha fundo kwa ulimi kama alivyozoea, na sasa akienda mbio kwa mganga kinywa kilitafuna hewa bila yeye kukituma, kama mtu anayeonja chakula ambacho hajapakuliwa.

Mganga, mwanamke mzito asiyependa maneno mengi, akamnusa, akarudi nyuma.

"Pepo aliingia kwenye tundu la jino kabla ya chuma," akasema kwa sauti ya chini. "Mkamfungia mlango, yeye yumo ndani. Jino litoke."

Daktari akagoma. Kazi nzuri namna hii, aiharibu kwa sababu gani?

"Ng'oa, mwanangu," fundi akamwambia, "au nikuume."

Likatoka na kipande cha mfupa. Harufu ikakata. Fundi akaenda kwa binti yake, akachoma vinguo vyote, binti akanuna, kisha mama akashona vingine na kukata kila uzi kwa mkasi. Mume akapata pengo lake. Kimya hakukipata.

Siku moja binti akaja anacheka, akamwekea mtoto mapajani.

"Mama, mjukuu wako fundi kama wewe. Nyuzi za kofia kazikata zote, na jino hata moja hana."

Fundi hakucheka. Akaingiza kidole kwenye kile kinywa kidogo, akapapasa. Ufizi laini, mtupu, una joto. Akashusha pumzi, na alipoivuta tena ilikuja na harufu ya chuma kilicholowa.

Ufizi ukabana. Haukuachia.