Mrija wa Mzee

Jumapili, tarehe 12 Agosti 1990, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Gahongayire alifungua zipu ya hema akamkuta mumewe, Bertrand, amekufa. Povu lilikuwa limemkaukia mdomoni. Usiku alikuwa amemfukuza mkewe akalale garini na watoto, maana waliogopa fisi. Sasa watoto hao wawili walikuwa dirishani wakibishana nani kaona pundamilia kwanza. Gahongayire hakupiga kelele. Alifunga zipu, akasimama palepale.

Kule kunyamaza ndiko kulikomponza. Jioni hiyohiyo, Kigali, mama mkwe wake Nyiramana aliwachukua watoto akaenda nao kwake, mtaa wa Gitega.

"Mwanamke gani anakuta bwana yake amekufa na hatoi sauti?" alisema mbele ya majirani. "Hawa watoto hawatakula tena mkono ya mrozi."

Jumatatu daktari alithibitisha kuwa ni sumu, na jalada likaangukia mezani kwa Inspekta Sangwa wa upelelezi. Kambini, kwenye mbuga ya Akagera, wote walikula sufuria moja. Pombe ya ndizi waliinywa wanaume watatu kutoka kibuyu kimoja: Bertrand, mdogo wake Melchior, na dereva Kamanzi. Chai aliinywa Bertrand peke yake, na aliyempa ni mkewe. Kwa hesabu hiyo hata mtoto angemfunga Gahongayire, na Sangwa hakupenda kesi inayojimaliza yenyewe.

"Mama Hirwa, chai ilikuwa ya nini?" alimwuliza Gahongayire.

"Tumbo, shefu. Alisema inamukata."

"Kabla ya kunywa chai?"

"Kabla. Ndiyo maana nilichemusha."

"Nani mwingine alisikia?"

"Hakuna. Walikuwa wamelala."

"Na mbona hukulia?"

"Sijui. Mpaka sasa ninangoja kulia, haiji. Nirudishie watoto, halafu unifunge ukitaka."

Kama alisema kweli, sumu ilimwingia Bertrand kabla ya chai. Sangwa akamwita Kamanzi, kijana aliyekulia Uganda, ambaye watu walimwona akigombana na marehemu stendi ya Nyabugogo siku ya safari.

"Alinitukana juu ya tairi, ni kweli," Kamanzi alisema. "Sasa mtu anaua kwa tairi, afande?"

Sangwa alimwacha aende. Mchana alishuka Kimisagara, nyumbani kwa marehemu, akapekua mizigo iliyokuwa bado garini. Hema lilikuwapo. Sufuria ilikuwapo, na kibuyu pia, kikinuka pombe. Mrija wa kunywea hakuuona. Akatoa kila kitu tena, akakung'uta hadi mablanketi. Mrija mzuri watu hurithishana. Hakuna anayeutupa porini.

Jumanne saa nne asubuhi aliwaketisha wote ofisini kwake, Nyiramana akiwa kwenye kiti cha mbele.

"Melchior, mlikunywa na nini?"

"Na mrija. Mmoja, unazunguka. Mimi nilianza, nikapa kaka, akapa Kamanzi. Kama pombe ilikuwa na sumu, tungekufa wote."

"Mrija gani?"

"Ya mzee. Marehemu baba."

"Uko wapi?"

"Ilianguka kwa moto."

Nyiramana aligeuka. "Mrija ya mzee? Ile iko kwangu Gitega, kwa ukuta. Tangu tumuzike haijatoka."

"Mama, nyamaza."

"Ninyamaze nini? Nimeipanguza vumbi jana."

Sangwa akamtazama dereva. "Kamanzi?"

"Hatukushiriki mrija," Kamanzi alisema polepole. "Kila mutu na yake. Melchior alizitoa kwa gazeti, akagawa yeye mwenyewe, akasema magonjwa imezidi mjini. Bertrand alikasirika, akasema, mimi na ndugu yangu tunatengana mrija? Lakini alikunywa. Halafu Melchior alikusanya zote akachoma. Polisi wa kule waliniuliza pombe tu, kama ilikuwa moja. Nikasema ndiyo, moja."

"Sumu ilikuwa ndani ya mrija wa Bertrand," Sangwa alisema. "Kibuyu kilikuwa safi."

Melchior hakubisha. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya sokoni.

"Baba alipokufa, kaka alibaki mukubwa. Bila yeye nani angesimama kuniombea mke? Nilimwambia twende Bujumbura, kwao Raïssa. Akasema mwaka ujao. Mwaka ukafika, akasema tena mwaka ujao. Mwezi wa sita Raïssa ameolewa. Kaka akacheka, akasema wasichana hawaishi. Halafu akaniita twende kutazama wanyama, mimi na yeye na bibi yake na watoto yake."

Askari wakamtoa. Nyiramana alibaki kitini, mikono mapajani. Kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa amempoteza na mwana wa pili, na Sangwa, aliyemwuliza Melchior mbele yake kwa makusudi, aliona haya kumtazama.

Gahongayire ndiye aliyemshika Nyiramana mkono. Hakuwa amemsamehe, hakusikia huruma wala hasira. Aliona tu kwamba hakuna mwingine wa kumwinua.

"Mama, simama. Twende kwa watoto."

Gitega waliwakuta wamekaa mbele ya sahani ya maharagwe iliyopoa. Bibi yao alikuwa amewaonya wasiguse chochote chenye mkono wa mama yao, nao hawakujua kipi ni kipi, basi tangu asubuhi hawakugusa kitu. Gahongayire alipasha chakula, akapakua. Watoto wakamtazama bibi.

"Mule," Nyiramana alisema. "Ni mama yenu."

Wakala kwa pupa. Kisha Hirwa, mdomo umejaa, akauliza, "Baba mdogo Melchior atakuja saa ngapi? Alisema atanifundisha kuwasha moto."

Nyiramana akafunika uso. Hapo ndipo Gahongayire alipolia.